Mwigaji ni Nani? Neno na Historia Yake katika Nchi ya Karatu na Ngorongoro

Kitenzi kuiga ni miongoni mwa maneno ya Kiswahili ambayo kila mtu huyatumia na wachache huyapima. Maana yake haina ugumu: ni kufanya jambo kwa kufuata namna alivyolifanya mwingine. Mtoto huiga mwendo wa mama yake. Mwanafunzi wa ufundi huiga mkono wa fundi wake. Katika mifano hiyo hapana lawama hata chembe. Lakini kitenzi hicho kikishageuzwa kuwa jina la mtu, yaani mwiga au mwigaji, mara huota miiba. Sijapata kumsikia mtu akijitambulisha mbele za watu kwamba yeye ni mwigaji. Jina hilo mtu hupewa na mwenzake, na mara nyingi hupewa akiwa hayupo. Yule kijana aliyejifunza useremala kwa kumtazama bwana wake miaka mitatu haitwi mwigaji, huitwa seremala.

Basi neno hili lina siri. Halituelezi kitendo peke yake, bali hutuambia pia msemaji anamwonaje yule aliyekitenda, na zaidi ya hapo, anamwonaje yule aliyeigwa. Wahenga walilitungia jambo hili methali ya mtu anayejaribu kumwiga tembo, methali ambayo walimu wanaijua vizuri na ambayo adabu ya kurasa hizi hainiruhusu kuimalizia. Tukiitazama tutaona kwamba haimlaumu mtu kwa kuiga. Inamlaumu kwa kumwiga mkubwa asiyelingana naye.

Neno mwigaji lina jamaa zake. Yuko kasuku, ndege asemaye asichokielewa, ambaye jina lake hubandikwa mwanafunzi anayekariri somo bila kulifahamu. Iko kasumba, neno ambalo asili yake ni afyuni, ile dawa ya kulevya, nalo katika lugha ya siasa likawa jina la ulevi wa akili: mtu ameachwa huru na mkoloni, lakini bado anaota ndoto za mkoloni. Na yuko mwigizaji, ambaye nitamrudia baadaye, kwa kuwa yeye amesalimika na lawama kwa sababu ya silabi moja tu.

Nimechagua kulichunguza neno hili katika nchi ya Karatu na Ngorongoro kwa sababu iliyo wazi. Hakuna pahala pengi katika Afrika ambapo watu wa asili mbalimbali namna ile wamekaa karibu karibu kwa muda mrefu hivyo. Kandokando ya Ziwa Eyasi wako Wahadzabe, wawindaji na warina asali, ambao lugha yao haijaonekana kuwa na ndugu popote. Juu katika uwanda wa Karatu wako Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, na lugha yao ni ya Kikushi. Wako Wadatooga, wafugaji wa asili ya Kinailoti, na katika nyanda za Ngorongoro wako Wamasai, Wanailoti wa tawi lingine. Kwa upande wa kusini na mashariki wako Wabantu, kama vile Wanyisanzu na Wambugwe. Watu wa namna hii, wakiishi pamoja, wataacha kuigana?

Hawakuacha. Historia yao, pamoja na vita vyake vyote, imejaa kuigana. Bonde la Ngorongoro lilikuwa malisho ya Wadatooga kabla Wamasai hawajawaondoa humo katika karne ya 19. Makaburi ya wazee wa Kidatooga yamo katika msitu wa Lerai ndani ya bonde, na wajukuu wao wamekuwa wakienda huko kuyazuru. Wamasai waliwaita watu hao Mang'ati, maana yake maadui, na jina hilo la uadui likasambaa hadi katika Kiswahili, likatumiwa na watu wasiojua kwamba wanatukana. Hata hivyo hao hao Wadatooga, waliposogea kusini na magharibi, walichanganyika na Wairaqw kiasi kwamba Kiiraqw kimejaa maneno ya Kidatooga ya mifugo na ya ibada, na ziko koo za Kiiraqw zinazotaja mababu Wadatooga. Vivyo hivyo wako Wadatooga wengi ambao nyumbani mwao leo husikia Kiiraqw kuliko lugha ya babu zao.

Mfano wa Wahadzabe unanipendeza zaidi. Katika lugha yao moja na mbili ni maneno yao wenyewe. Tatu wameichukua kwa Wadatooga. Nne na tano wamezichukua kwa Wasukuma. Ukimsikia mzee wa Kihadzabe akihesabu mpaka tano umesikia historia ya ujirani wake wote, na hakuna jirani anayemcheka kuwa ni mwigaji. Vichwa vya chuma vya mishale yake navyo vingi hutoka kwa wahunzi wa Kidatooga, nao wahunzi hao huyeyusha makufuli mabovu na mabomba ya bafuni wakapata shaba ya kutengenezea bangili. Aliyelitengeneza kufuli lile kiwandani hakudhani kwamba siku moja litavaliwa mkononi kando ya Ziwa Eyasi.

Wairaqw nao walikuwa walimu wa wengine. Kwa muda mrefu waliishi wamebanana katika milima ya Mbulu, wakilima kwa samadi, wakilaza ng'ombe ndani, na wakijenga nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa kilima ili zisionekane na wavamizi. Sotoka ilipoua ng'ombe wa Wamasai kuanzia mwaka 1890 hivi, ikafuatwa na ndui na njaa, nguvu ya Wamasai ilivunjika. Ndipo Wairaqw walipoanza kuteremka na kuenea kaskazini mpaka Karatu. Katika karne ya 20 Wamasai wengi wa Ngorongoro, waliokuwa wakidharau jembe, wakaanza kupanda mahindi karibu na maboma yao kama majirani zao. Kwa mfugaji ambaye ng'ombe hawamtoshi tena, kumwiga mkulima ni njia ya kulisha watoto. Lakini Ngorongoro ilikuwa tangu mwaka 1959 eneo la hifadhi lenye sheria zake. Kilimo kilipigwa marufuku humo mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, na baadaye kikazuiwa tena. Sioni mfano mwingine ulio wazi kama huu wa watu kuzuiwa kuiga, na sababu iliyotolewa haikuwa kwamba kuiga kunaharibu utamaduni wao, bali kwamba kunaharibu nyika.

Wazungu walipofika waliongeza watu wa kuigwa, na hapo ndipo neno letu lilipoanza kuchacha. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Mjerumani Adolf Siedentopf alifuga ng'ombe ndani ya bonde la Ngorongoro. Baadaye walowezi walilima kahawa Oldeani, na vijana wa Kiiraqw wakafanya kazi mashambani mwao. Zikaja shule za serikali na za misheni. Kutoka kwa Wajerumani Kiswahili kilichukua shule, na kilichukua pia hela, sarafu yao ndogo. Leo kila mtoto wa Karatu huenda shule na kila mama huomba hela, na hapana anayewaambia kwamba wanaiga Wajerumani. Neno likikaa kinywani muda wa kutosha husahau kwao. Asiyesamehewa ni yule mtu aliyetoka shuleni akiwa amebadili mwendo, sauti na kofia, akawaona wazazi wake kuwa washenzi. Huyo ndiye aliyeitwa mwigaji, na kusema kweli alistahili.

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba wasomi wengi walifundishwa kuona fahari kucheza dansi za kigeni, hali hawakujua hata ngoma moja ya kwao. Sehemu hiyo ya hotuba imerudiwa mara nyingi katika shule na mikutano, na walimu wengi wanaijua karibu kwa moyo. Sehemu inayofuata imerudiwa mara chache. Humo Mwalimu alieleza kwamba wanadamu hawawezi kuendelea wakikataa kujifunza kwa wenzao, na kwamba kujifunza utamaduni wa wengine hakuna maana ya kuutupa wako. Hakuishia katika kusema. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare kuhusu Julius Caesar, na mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Mtu aliyewakemea waigaji wa Uingereza alikesha usiku akimsemesha Mwingereza Kiswahili. Mimi sioni kinyume hapo. Kasuku angeyakariri maneno yale kwa Kiingereza.

Miaka mitano au sita baadaye sehemu ile ya pili ya hotuba ilikuwa kana kwamba haikupata kusemwa. Nataka msomaji asimame nami hapa, kwa sababu ndipo neno mwigaji lilipotumika kama fimbo, na lilipigwa pande mbili zilizopingana.

Upande wa kwanza ni Umasaini. Katika mwaka 1967 na 1968 serikali katika Mkoa wa Arusha iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache mavazi yao. Walitakiwa waache ngozi na shuka la kufunga begani, waache kujipaka ngeu, morani wakate nywele zao ndefu za kusuka, na wavae suruali kama wananchi wengine. Kulikuwa na watu waliozuiwa kupanda mabasi kwa sababu ya mavazi hayo. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya heshima na maendeleo: haifai, ilisemwa, raia wa nchi huru akae nusu uchi huku mtalii akimpiga picha. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Walioitoa walikumbuka jinsi mkoloni alivyopenda kumwona Mwafrika amebaki vilevile, kama twiga wa mbugani, ili asidai shule wala hospitali.

Upande wa pili ni Dar es Salaam. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969. Vilivyopigwa vita ni sketi fupi, mawigi, krimu za kuchubua ngozi na suruali za kubana. Kosa la vitu hivyo lilikuwa moja: kuiga Wazungu. Kabla hata ya tarehe hiyo kufika, makundi ya vijana yaliwashambulia wanawake Kariakoo kwa sababu ya nguo zao. (Neno wigi, kwa faida ya wanafunzi, halina udugu wowote na kuiga, ingawa kwa kelele za mwaka ule mtu angedhani ni mapacha.)

Sasa tuyaweke mambo haya mawili bega kwa bega. Katika nchi moja, chini ya chama kimoja, karibu katika miezi ileile, msichana wa mjini alifukuzwa njiani kwa kuvaa nguo ya Kizungu, na morani wa Ngorongoro alishushwa basini kwa kutovaa nguo ya Kizungu. Suruali haikubuniwa Karatu wala Bagamoyo. Msichana akaitwa mwigaji mwenye kasumba. Mmasai aliyekubali suruali akaitwa mtu aliyeamka. Wasomaji wa magazeti hawakulala usingizi. Wako walioandika kuunga mkono operesheni, na wako waliouliza kwa ukali: ikiwa sketi fupi ni uchi wa kigeni, je, ngozi fupi za bibi zetu zilikuwa nini? Swali hilo halikupata jibu la kuridhisha, na sidhani kama lingeweza kulipata, kwa kuwa walioulizwa walikuwa wamekwisha kuamua nani apimwe kabla ya kukubaliana juu ya kipimo.

Ndiyo maana nasema neno hili si neno la mavazi wala la dansi. Ni neno la mamlaka. Anayelitamka hujifanya mlinzi wa mlango wa jamii, aamue kipi kiingie kikiitwa maendeleo na kipi kizuiwe kikiitwa mwigo. Wanawake na vijana ndio waliosimamishwa mlangoni mara nyingi zaidi. Waheshimiwa waliovaa tai na makoti katika joto la Dar es Salaam walipita bila kuulizwa.

Jambo lingine halikutazamwa wakati ule. Mavazi yenyewe ya Kimasai, yaliyohukumiwa kuwa ya kale na sasa yanayosifiwa kuwa ya asili, yana historia ndefu ya kuchukua vya wengine. Hapo zamani vazi lao lilikuwa ngozi. Nguo ya amerikani, shanga za kioo na masango ya chuma na shaba vililetwa na misafara ya biashara kutoka pwani katika karne ya 19. Na shanga zile zilitengenezwa Venice na Bohemia, mbali kabisa na kinamama walioziweka katika mipangilio ya rangi yenye maana kwao. Shuka jekundu limetoka kiwandani. Kandambili za tairi hazikuwako kabla ya gari. Vyote hivyo viliigwa au vilinunuliwa, kisha vikapangwa upya kwa mkono na jicho la Kimasai hata vikawa vyao kweli. Amri ya serikali haikuwafundisha wanawake wale kushona ushanga namna ile. Na amri ya mwaka 1968 haikuwavua shuka hilo pia: watu waliingia mjini na suruali, wakarudi nyumbani wakalifunga tena.

Leo hali imegeuka kiasi cha kuchekesha. Katika Dar es Salaam, na katika fukwe za Unguja, wako vijana wasio Wamasai wanaofunga shuka na kushika rungu, kwa sababu mwenye nyumba humwamini zaidi mlinzi aliyevaa hivyo na mtalii hununua upesi zaidi kwa muuza shanga aliyevaa hivyo. Aliyeambiwa jana aige wengine, leo wengine wanamwiga yeye.

Nako Ngorongoro kuna maboma ya utamaduni, ambayo mgeni hulipa kiingilio, akaimbiwa, akaonyeshwa nyumba, akatazama vijana wakiruka juu. Hapa ndipo anapoingia yule mwigizaji niliyemwahidi. Kuigiza ni kuiga kwa makusudi mbele ya watazamaji, nao wakijua kwamba unaiga. Silabi ile inayozidi humwondolea mtu lawama, kwa kuwa inatoa taarifa. Lakini kijana wa bomani anaigiza nini? Anaigiza maisha ambayo jioni, mgeni akishaondoka, ndiyo maisha yake. Anamwigiza baba yake kwa fedha, kisha anakwenda kumsaidia baba yuleyule kufungia ndama. Kiswahili, pamoja na utajiri wake, hakijampatia kijana huyu jina lake. Kumwita mwigaji ni kumwonea. Kumwita mwigizaji ni kusema kwamba anachokionyesha si chake.

Sisi watunzi wa mashairi twalijua jambo hili kwa njia nyingine. Tangu zamani mshairi akitaka kumjibu mwenzake humfuata katika bahari ileile na vina vilevile, na kadiri anavyomfuata kwa karibu ndivyo anavyosifiwa. Hapana anayefungua gazeti akasema kwamba aliyejibu ni mwigaji. Sheikh Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alikuwa akiwapa vijana kitu cha kuiga, na wengi wetu tulianzia huko. Tofauti ya kasuku na mtunzi haimo katika kufuata vina. Kasuku hana la kumjibu mtu.

Nimalizie huko huko Eyasi kwa jambo ambalo walimu wa sayansi nao wanaweza kulitumia darasani. Wahadzabe hutafuta asali kwa msaada wa ndege mdogo mwongoza asali. Mtu hupiga mluzi wa namna maalumu, ndege akaitika na kuruka mti kwa mti mpaka kwenye mzinga wa nyuki wa porini. Mtu hula asali, ndege akapata nta. Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji nao wanafanya urafiki huo huo na ndege wa aina ileile, lakini sauti yao ya kumwita ni nyingine kabisa, ya ulimi kutetemeka ikifuatiwa na mguno. Mwezi Desemba 2023 ndipo wataalamu walipochapisha matokeo ya kuwachezea ndege wa pande zote mbili sauti hizo. Ndege wa nchi ya Wahadzabe waliitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko walivyoitikia sauti ya Wayao, nao ndege wa Msumbiji walipendelea sauti ya Wayao. Mtoto wa Kihadzabe haufundishwi mluzi huo kwa kitabu. Humsikiliza baba yake, akaupiga vibaya, akachekwa na wenzake, akaupiga tena.